Kutoka wodini hadi dayalisisi: mwongozo kamili kwa muuguzi anayeanza upya

Umefanya kazi wodini miaka sita, minane, labda kumi na miwili. Kanula unaweka hata taa zikiwa hafifu, na mgonjwa anayezidiwa unamjua kabla daktari hajafika mlangoni. Wenzako wakishindwa kupata mshipa, wewe ndiye wanayekuita. Kisha unahamishiwa kitengo cha dayalisisi, yaani kusafisha damu ya wagonjwa wa figo kwa mashine, au umeomba mwenyewe, na asubuhi ya kwanza unasimama mbele ya mashine yenye mipira inayozunguka huku na huko, skrini inayolia bila sababu unayoielewa, na mgonjwa anayekutazama mikono badala ya uso. Anayekuelekeza ni binti aliyemaliza chuo juzi.

Mwongozo huu ni wa wiki na miezi inayofuata asubuhi hiyo. Nimeuandika kwa dayalisisi kwa kuwa ndiko nilikohamia. Anayekwenda kwa wagonjwa mahututi, chumba cha upasuaji au kwa watoto njiti atabadilisha vifaa, lakini njia ya kujifunza ni hiyohiyo. Jambo ambalo ningependa kuambiwa mapema ni kwamba mkono hujifunza upesi. Baada ya mwezi mmoja utakuwa unafunga mashine huku unapiga soga. Kinachochelewa ni jicho: kuijua hali ya kawaida ya pale ugenini, na kuacha kulisikiliza jicho la zamani linapokupa jibu la wodini kwa ujasiri uleule.

Kabla ya siku ya kwanza

Anza na karatasi. Omba maelezo ya kazi ya nafasi mpya, taratibu za kitengo zilizoandikwa, na orodha ya ujuzi utakaopimwa. Tafuta mpaka kati ya unachoruhusiwa kuamua mwenyewe, kinachohitaji maagizo ya daktari, na kisicho chako kabisa. Leseni ni ileile, ila wajibu umebadilika. Katika dayalisisi muuguzi ndiye anayeanzisha tiba, anayeweka kiasi cha maji ya kutoa kulingana na maagizo, na anayeisimamisha mambo yakiharibika. Kama mpaka huo hauko kwenye maandishi, muulize msimamizi wa kitengo na uandike alichojibu.

La pili ni chanjo ya homa ya ini B, maana hapa utashughulika na damu kutwa nzima. Kamilisha dozi, kisha mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho pima kingamwili. Kiwango kinachohesabiwa kuwa kinga ni 10 mIU/ml au zaidi. Wagonjwa wenye virusi hivyo hutengewa mashine yao na eneo lao, na muuguzi anayewahudumia hapaswi kuwahudumia kwa zamu hiyohiyo wagonjwa wasio na kinga.

La tatu ni kusoma, lakini kidogo. Usianze na kitabu kizima cha magonjwa ya figo, utachoka kabla ya kuiona mashine. Elewa mzunguko mmoja tu. Pampu inavuta damu, tuseme 300 ml kwa dakika, na kuipitisha ndani ya nyuzi nyembamba za kichujio. Nje ya nyuzi hizo maji ya dawa yanapita kwa kuelekea upande wa pili, kwa kawaida 500 ml kwa dakika. Urea na potasiamu vinahama kutoka vilikojaa kwenda vilikopungua, na maji ya ziada yanavutwa kwa shinikizo. Mkao mmoja kwa kawaida ni saa nne, mara tatu kwa wiki.

Sasa zidisha: 500 ml mara dakika 240 ni lita 120. Lita mia na ishirini za maji zinapita jirani na damu ya mtu mmoja kwa mkao mmoja, kikiwa katikati yao ni kiwambo chembamba tu. Hapo ndipo utaelewa kwa nini wenyeji wa kitengo wanaingia chumba cha maji kabla ya kuvaa gauni, na kwa nini jumla ya klorini na kloramini hupimwa kabla mgonjwa wa kwanza hajaunganishwa, isizidi 0.1 mg kwa lita. Kloramini ikipenya hupasua chembe nyekundu za damu. Wodini maji yalikuwa kazi ya fundi. Huku fundi atakuwepo, lakini saini kwenye fomu ya asubuhi huenda ikawa yako.

Wiki ya kwanza: iache sindano

Utatamani kuchoma. Hicho ndicho kitu unachokiweza, na aibu ya kusimama bila kazi mbele ya wageni ni kali. Jizuie. Chagua mgonjwa mmoja kila siku ukae naye kuanzia anapopanda mzani hadi anaposhuka mara ya pili. Andika kila nusu saa: presha, mapigo, shinikizo la mpira wa ateri (unaotoa damu mwilini) na la mpira wa vena (unaoirudisha), na anavyoonekana. Safu ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa, na ndiyo watu wanayoiacha wazi.

Kila mwenye fistula mwombe ruhusa umguse. Fistula ni mshipa wa ateri ulioungwa na wa vena kwa upasuaji, ili vena ipanuke na kuhimili sindano kubwa. Mbinu hiyo ilitangazwa mwaka 1966 na Brescia, Cimino na wenzao, na mpaka leo ndiyo njia inayopendelewa pale inapowezekana. Weka vidole: utasikia mtetemo, kama simu iliyowekwa chini ya mto. Weka stetoskopu: mvumo mzito usiokatika. Mshipa ukidunda kwa nguvu bila mtetemo, mbele yake pana njia iliyobana. Mvumo ukigeuka mluzi mwembamba, ni hivyohivyo. Ukiwa kimya kabisa, fistula huenda imeganda: usichome, mwite anayehusika. Kisha mwambie mgonjwa anyanyue mkono juu ya usawa wa moyo. Fistula yenye afya hunywea. Ikibaki imevimba vilevile, damu haipati njia nzuri ya kurudi.

Kufikia mwisho wa wiki uwe umegusa mikono ishirini. Hakuna atakayekupa saini kwa hilo, na pengine halimo hata kwenye orodha ya ujuzi. Lakini mkono wa ishirini na moja ukiwa na kasoro, vidole vitashtuka kabla hujajua kwa nini.

Neno kuhusu aibu. Patricia Benner, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alieleza miaka ya 1980 ngazi tano ambazo muuguzi hupanda kutoka uanagenzi hadi ubingwa. Watu hukumbuka kwamba ngazi zinapandwa. Wanachosahau ni kwamba alisema pia kuwa hata mzoefu, akiingia mahali asipo na uzoefu napo, huanza tena chini. Kwa hiyo hujapungukiwa akili. Siku ya kwanza mwambie mwelekezi wako waziwazi: "Mimi ni mkongwe wa wodini ila hapa ni mgeni. Nikikosea nisahihishe palepale, usione haya kwa sababu ya umri wangu." Sentensi hiyo inampa ruhusa ambayo yeye mwenyewe hawezi kuiomba. Mimi sikuisema. Kwa siku tatu nilikuwa nanyamazisha mlio wa mashine na kutikisa kichwa kana kwamba nimeelewa, mpaka binti yule akaniuliza kwa upole, "Dada, huo ulikuwa unasema nini?" Sikuwa na jibu.

Vunja kila kazi vipande

Kuna mpangilio wa kufundishana ujuzi wa mikono ulioelezwa na daktari wa upasuaji Rodney Peyton mwaka 1998, na ni rahisi kuuomba kwa mwelekezi yeyote. Kwanza anafanya kwa mwendo wake wa kawaida bila maneno. Pili anafanya polepole akieleza kila hatua. Tatu wewe unaeleza, yeye anafanya kile tu unachomwambia. Nne unafanya mwenyewe huku ukieleza.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa kila mahali, na ndiyo inayokuumbua. Nilikuwa nimetazama kuunganishwa kwa katheta ya shingoni, yaani mpira unaokaa ndani ya mshipa mkubwa kwa asiye na fistula, mara sita. Nilijiona tayari. Mwelekezi akasimama, mikono hewani, akasema, "Haya, niambie." Nikaanza: barakoa kwangu na kwa mgonjwa, glavu safi, sugua vichwa vya katheta kwa dawa, acha vikauke, fungua kifuniko, unganisha mpira. Mikono yake ikasimama. "Na heparini iliyomo ndani?"

Katheta hufungwa kwa heparini ili isigande kati ya mkao na mkao, na lazima ivutwe na kutupwa kabla ya kuunganisha, la sivyo dozi nzima inaingia mwilini. Nilikuwa nimeiona ikivutwa mara zote sita. Macho yalipita juu yake kwa sababu ilifanyika kimya, kwa sekunde chache, mgonjwa akiwa anazungumza. Tangu hapo sikubali kufanya jambo jipya nisilolisimulia kwanza mwanzo hadi mwisho.

Kwa kufunga mipira na kichujio huhitaji mgonjwa. Omba seti iliyoisha muda wake, kaa na mashine iliyo huru baada ya zamu, ufunge na kufungua hadi uweze kusema kila kibanio kipo wapi umefumba macho.

Sindano

Hapa ujuzi wa kanula unasaidia nusu na kuharibu nusu. Sindano za fistula ni nene kuliko ulizozoea: namba 17 kwa fistula mpya, 16 au 15 kwa iliyokomaa, na namba ikipungua sindano inanenepa. Mgonjwa anapokea mbili kila mkao, mara tatu kwa wiki, miaka mingi. Mkono huo ndio uhai wake, naye anaujua kuliko wewe.

Omba kuanza na fistula kongwe ya mtu aliyetulia. Fistula mpya waachie wenyeji. Kipimo kinachotumika sana cha ukomavu ni cha sita-sita: wiki 6 tangu upasuaji, upana wa milimita 6, kina kisichozidi milimita 6 chini ya ngozi, na damu ipitayo 600 ml kwa dakika.

Siku yako ikifika, fuata mpangilio huu, usiruke hata kama foleni ni ndefu:

1. Mkono uoshwe kwa maji na sabuni. Tazama wekundu, usaha, kidonda, ngozi inayong'aa na kuwa nyembamba. Gusa. Sikiliza. Ukiona dalili ya maambukizi, usichome.
2. Chagua pa kuingilia. Sindano ya ateri, ile inayotoa damu, iwe angalau sentimita 3 kutoka kwenye kovu la muungano; ya vena ndiyo inayoirudisha. Ncha za sindano mbili ziachane kama sentimita 5, ili damu iliyosafishwa isivutwe tena kabla ya kuzunguka mwilini. Panda kama ngazi, kila siku tundu jipya hatua moja mbele. Ukirudia eneo lilelile kwa sababu ni laini na haliumi, mshipa hudhoofika pale na kutunga uvimbe.
3. Paka dawa ya ngozi na uiache ikauke yenyewe. Kuipepea kwa mkono ni mazoea mabaya ambayo wengi tumetoka nayo wodini.
4. Funga mpira wa mkono hata kama mshipa unaonekana kwa macho. Unauzuia usiteleze.
5. Ingia kwa digrii 25 hivi, mdomo wa sindano ukitazama juu. Damu ikionekana, laza sindano na uisogeze taratibu. Kuigeuzageuza ndani kunaweza kuchana ukuta wa mshipa.
6. Kabla ya kuwasha pampu, sukuma maji ya chumvi kwa bomba la sindano. Yaingie bila ugumu, bila uvimbe, bila mgonjwa kukunja uso.
7. Bandika vizuri, na uangalie plasta kana kwamba mgonjwa atageuka usingizini, maana atageuka.

Kuhusu kuchagua pa kuingilia, nina deni la kusimulia. Mzee mmoja aliniambia, "Sista, hapo pana kona. Wenzako huingilia hapa juu." Kidole changu kilisema pamenyooka, nami nilikuwa na miaka tisa ya kukiamini. Nikachoma nilipotaka. Damu ilionekana, nikafurahi, nikasogeza, na sindano ikapenya ukuta wa pili. Palivimba ukubwa wa kidole gumba tukitazamana. Kwa bahati nilisukuma maji ya chumvi kwanza, sikuwasha pampu. Tuliweka barafu, mwenzangu akachoma juu zaidi, alipoonyesha mzee mwenyewe. Tangu siku ile swali langu la kwanza kwa kila mgonjwa mwenye fistula ni: "Wenzangu huingilia wapi, na wapi huwasumbua?"

Ukishindwa mara mbili, mpishe mwingine. Usijaribu ya tatu ili kuokoa heshima.

Kutoa sindano nako kuna ufundi wake. Usibonyeze wakati sindano ingali ndani, ncha itakata mshipa. Itoe yote, kisha bonyeza kwa vidole viwili: tundu la ngozi na tundu la mshipa haviko mahali pamoja, kwa sababu uliingia kwa mshazari. Dakika kumi bila kuchungulia. Bonyeza kiasi cha kuzuia damu lakini mtetemo bado usikike juu na chini ya vidole. Kabla mgonjwa hajaondoka, gusa mtetemo mara ya mwisho na uandike.

Hesabu ya maji, ambayo huwezi kumwachia mashine

Kila mgonjwa ana uzito mkavu, yaani uzito anaopaswa kubaki nao maji ya ziada yakiisha. Tuseme ni kilo 60, leo amekuja na 62.8. Kuna 2.8 za kutoa. Ongeza 0.3 za maji ya chumvi yatakayotumika kumrudishia damu mwishoni: jumla lita 3.1. Gawa kwa saa nne ni 775 ml kwa saa. Gawa kwa kilo 60 ni takriban 12.9 ml kwa kila kilo kwa saa. Vitengo vingi huchukua 13 kuwa kikomo, kwa sababu kasi kubwa kuliko hiyo imehusishwa na madhara ya moyo. Kwa hiyo huyu anapita, lakini kwa ukingo.

Sasa anakuambia ana dharura nyumbani, umfanyie saa tatu. Lita ni zilezile 3.1, ila sasa ni 1033 ml kwa saa, yaani zaidi ya 17 kwa kilo. Mashine itakubali. Itavuta bila kulalamika. Anayepaswa kulalamika ni wewe: mweleze kwa hesabu hiyohiyo, kisha mpigie daktari ikiwa anang'ang'ania, mkubaliane kutoa pungufu leo na kumrudisha mapema.

Hesabu nzima inasimama juu ya mzani. Koti zito na viatu huweza kufika kilo moja. Mgonjwa aliyepimwa mkao uliopita bila koti na leo akiwa nalo ana lita moja ya uongo, nawe utaivuta kutoka kwenye damu yake. Namba ikikushangaza, mrudishe kwenye mzani kabla ya kufikiria lolote lingine.

Mazoea ya wodini ya kuacha mlangoni

Presha ikishuka wodini, mkono huenda wenyewe kwenye dripu. Huku jambo la kwanza ni kusimamisha kutoa maji, kwa sababu ndiko presha ilikokwenda. Mlaze, inua miguu, ndipo umpe 100 hadi 200 ml za maji ya chumvi kupitia mpira uleule, kisha utafute sababu: kasi ilikuwa kubwa, uzito mkavu umepitwa na wakati, amekunywa dawa za presha asubuhi, anavuja damu mahali, sukari imeshuka? Ukimwaga lita moja, umemrudishia yale aliyokuja kuyatoa.

Dawa nazo. Kabla ya kutoa yoyote jiulize: kabla ya mashine au baada? Gentamisini ukiitoa kabla, sehemu kubwa inaishia kwenye bomba la majitaka. Vidonge vya presha kwa baadhi ya wagonjwa huahirishwa hadi mkao uishe, kwa maagizo ya daktari.

Mkono wenye fistula haufungwi kipimo cha presha, hautolewi damu ya maabara, hauwekwi kanula. Hilo kila mtu hulijua baada ya siku moja. Lisilojulikana sana ni kwamba hata mgonjwa wa figo asiye na fistula bado, vena za kigasha chake ni akiba ya fistula ya kesho. Kanula ikihitajika, tumia mgongo wa kiganja. Nikikumbuka vigasha nilivyovichoma wodini kwa kuwa vena zilikuwa nzuri, nanyamaza.

Zoea la mwisho linaonekana la huruma kabisa: kumfunika mgonjwa. Wagonjwa husikia baridi mashineni, na muuguzi wa wodini huvuta blanketi hadi mabegani. Usifunike mkono wenye sindano. Sindano ya vena ikichomoka, pampu inaendelea kusukuma 300 ml kwa dakika nje ya mwili. Kwa dakika tatu na sekunde kadhaa ni lita moja. Mashine huenda isilie kabisa, kwa sababu shinikizo linaweza kushuka kidogo tu na kubaki ndani ya mipaka yake. Blanketi la rangi iliyokoza halionyeshi damu. Mkono uwe wazi, uonekane kutoka unaposimama, saa zote nne. Akisikia baridi, ongeza blanketi miguuni.

Dharura zifundishwe mikono

Kuzijua kwa kusoma hakutoshi. Mwombe mwelekezi akushtukize kwenye mashine isiyo na mgonjwa. Aseme "Hewa!" nawe ufanye huku ukitamka: bana mpira wa vena, simamisha pampu, mlaze ubavu wa kushoto kichwa kikiwa chini, oksijeni, ita msaada. Aseme "Damu imebadilika!" Damu kwenye mpira wa vena ikiwa kama mvinyo mwekundu unaopitisha mwanga, huku mgonjwa analalamika kifua au mgongo, chembe zinapasuka: simamisha pampu, bana, na usimrudishie damu hiyo, kwani imejaa potasiamu. Muuguzi mzuri wa wodini hatupi damu ya mgonjwa, na ndiyo sababu hili lifanyiwe mazoezi hadi mkono ukubali.

Mgonjwa wa mara ya kwanza ana hatari yake. Urea ikishushwa kwa haraka, ubongo huvuta maji na kuvimba: kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, hata degedege. Ndiyo maana mikao ya mwanzo huwa mifupi, kama saa mbili, na pampu ya polepole, kama 200 ml kwa dakika. Ukiona agizo la saa nne kwa mgonjwa mpya mwenye urea ya juu sana, uliza kabla ya kuwasha.

Kupimwa na kutia saini

Mwaka 1990 George Miller, mtaalamu wa elimu ya tiba, alipanga ustadi kwa ngazi nne: anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha anavyofanya, anatenda kazini. Saini nyingi kwenye vijitabu vyetu ni za ngazi ya tatu zikijidai ni za nne: umefanya vizuri mara moja, asubuhi tulivu, mkubwa akiwa amesimama nyuma yako. Omba kupimwa siku kitengo kimejaa. Na uwe na daftari lako kando ya kijitabu rasmi: tarehe, aina ya njia ya damu (fistula au katheta), ulichofanya, kilichoharibika. Usiandike mafanikio tu. Nilipofungua kurasa zangu za mwezi wa pili niliona kwamba karibu vikwazo vyangu vyote vilikuwa sindano ya vena, si ya ateri. Nikaomba wiki mbili za kuchoma vena tu.

Msimamizi akitaka kukupanga peke yako kabla hujawa tayari, usiseme "naogopa." Taja kitu: "Fistula kongwe nachoma bila msaada. Katheta sijapimwa. Mgonjwa mpya sijawahi kuanzisha." Hapo anaweza kukupangia wagonjwa. Woga hana pa kuupangia.

Zamu ya kwanza bila mtu nyuma yako

Fika mapema uangalie vipimo vya maji, kisha majina ya wagonjwa na njia zao za damu. Kila nusu saa zunguka, na uanze na mgonjwa kabla ya skrini: uso, mkono, plasta, mipira, ndipo namba. Wengi hufanya kinyume kwa sababu skrini inawaka.

Ukimpigia daktari, mpe hali, historia, unavyoona na unachoomba, kwa pumzi moja: "Daktari, ni mgonjwa wa kitanda cha nne, saa ya pili ya mashine. Alianza na presha 138/80, kisha ikashuka 84/50. Nimesimamisha kutoa maji, nimempa 200 ml, imepanda 96/60. Amebakiza lita 1.4. Nadhani uzito mkavu umepitwa na wakati, amekula vizuri mwezi huu. Naomba nisimalize kiasi kilichobaki, na uupitie uzito wake kabla ya mkao ujao."

Endelea na daftari hata baada ya saini ya mwisho, ila badilisha unachoandika. Acha kuandika ulichofanya, andika ulichokiona kabla mashine haijalia. Miezi ya kwanza kurasa zitakuwa tupu, na hilo lisikuvunje moyo. Mstari wangu wa kwanza wa kweli ni wa mwezi wa tano, nimeuandika kwa kalamu inayokaribia kuisha: "Kitanda cha pili, saa ya tatu. Kapiga miayo mara mbili, kanyamaza ghafla. Nimepima: 92/58. Mashine bado haijalia."